Mwongozo Unaovuka Ziwa: Kuchagua Muundo wa Msaada kwa Programu Huria za Afya

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, kichocho si habari ya vitabuni. Mvuvi anayesukuma mtumbwi, mama anayefua kando ya mawe na mtoto anayeogelea baada ya masomo huingia katika maji yale yale wanamoishi konokono wanaoeneza vimelea vya ugonjwa huo. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa wanafunzi mashuleni kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa kanuni hiyo, kila mtoto angepaswa kupandishwa kwenye mizani, uzito wake uzidishwe kwa 40, kisha jibu ligawanywe kwa miligramu 600 zilizomo katika kidonge kimoja. Mwalimu mwenye mamia ya watoto na asubuhi moja tu ni vigumu aifanye hesabu hiyo mara mamia bila kukosea.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza fimbo ya kupimia dozi. Mtoto husimama kando ya fimbo iliyochorwa alama, na kimo chake huonyesha idadi ya vidonge. Mwenye kimo cha kati ya sentimita 94 na 110 hupewa kidonge kimoja. Wa kati ya 125 na 138 hupewa viwili. Wa kati ya 150 na 160 hupewa vitatu. Hakuna mizani wala hesabu inayohitajika.

Fimbo hiyo ni mwongozo kama miongozo mingine. Maarifa yaliyomo yangeweza kuandikwa katika kitabu, na kwa hakika yameandikwa. Kilichobadilika ni umbo lake: mwongozo umepewa sura inayomfikia mtumiaji mahali alipo, wakati anapouhitaji, kwa namna anayoweza kuitumia bila kumwita mtaalamu. Makala haya yanakusudia kukitumia kipimo hicho hicho kwa aina nyingine ya mwongozo, ambayo wataalamu wa afya huitazama mara chache: kurasa za msaada zilizo ndani ya programu za kompyuta tunazotumia hospitalini, zahanatini na katika utafiti.

Swali lenyewe laweza kuonekana dogo. Kijana aliyeandika programu ya kompyuta ya mezani kwa ajili ya kliniki, naye ameamua kuitoa huria ili kila mtu aitumie na kuirekebisha, atauweka msaada wake katika muundo gani? Auweke kwenye tovuti? Autoe kama kitabu cha PDF? Autumie muundo maalumu wa Windows? Sisi tunaona kwamba jibu la swali hili hugusa usahihi wa takwimu za wagonjwa, na kwa hiyo humgusa mgonjwa mwenyewe.

Kosa la milimita saba

Tuchukue mfano wa kliniki ya watoto. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za ukuaji wa mtoto zinataka mtoto mwenye umri chini ya miaka 2 apimwe urefu akiwa amelala, na mwenye miaka 2 au zaidi apimwe akiwa amesimama. Mtoto yule yule akipimwa amelala huonekana mrefu kidogo kuliko akipimwa amesimama. Kwa hiyo, mtoto wa chini ya miaka 2 akipimwa amesimama, yapaswa kuongeza sentimita 0.7 kwenye kipimo. Na mwenye miaka 2 au zaidi akipimwa amelala, yapaswa kupunguza kiasi hicho hicho.

Programu nzuri ya kukokotoa hali ya lishe hufanya marekebisho hayo yenyewe, mradi tu iambiwe mtoto alipimwaje. Kwenye kioo cha kompyuta hutokea kisanduku kidogo kinachouliza: amelala au amesimama? Mhudumu asiyejua kwa nini anaulizwa atachagua jibu lolote ili aendelee na kazi. Mtoto wa miezi 20 aliyepimwa amesimama akiandikwa kuwa amelala, urefu wake hubaki mfupi kuliko ulivyo; na kwa kuwa urefu umepungua, uzito wake huonekana kuwa mzuri zaidi kuliko hali halisi. Aliye ukingoni mwa utapiamlo mkali aweza kuvuka mstari na kuhesabiwa miongoni mwa wale wasiohitaji matibabu ya haraka. Milimita saba zinatosha kufanya hivyo.

Sentensi mbili za msaada zingelizuia kosa hilo, iwapo zingeonekana hapo hapo kwenye kisanduku. Sentensi hizo hizo zikiwa ukurasa wa 83 wa kitabu cha PDF kilichohifadhiwa kwenye kabrasha lisilofunguliwa, zina thamani ndogo. Zikiwa kwenye tovuti, na mtandao haupo siku hiyo, hazina thamani kabisa.

Wahudumu wetu hawaugeni utamaduni wa kuweka maelekezo karibu na kazi. Katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maelezo ya namna ya kujaza rejista huwekwa ndani ya rejista yenyewe, kwa Kiswahili. Muuguzi mwenye shaka juu ya safu fulani hufunua kurasa chache tu. Tulipohamia kwenye kompyuta, mara nyingi tuliiacha hekima hiyo mlangoni.

Programu huria na deni la maelezo

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Jiji la Mwanza lina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, chuo kikuu cha afya na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na programu za aina hii zina nafasi kubwa katika kazi za namna hiyo. R hutumika kuchambua takwimu. QGIS huchora ramani, kwa mfano za maeneo yenye konokono wa kichocho. LibreOffice huandika barua na majedwali. DHIS2, iliyojengwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ndiyo hupokea taarifa za vituo vya afya nchini; hiyo hutumika zaidi kupitia kivinjari kuliko kama programu ya mezani, lakini ina funzo tutakaloligusa baadaye.

Programu hizi hazina muuzaji, hivyo hazina pia afisa wa mauzo wa kupigiwa simu. Katika jiji tatizo hili hupunguzwa na jirani anayejua. Ng'ambo ya ziwa hali ni nyingine. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeiunganisha Sengerema na Mwanza kwa barabara, lakini Ukerewe, Ukara na Kome bado hufikiwa kwa kivuko au mashua. Fundi wa kompyuta akihitajika huko, siku nzima hupotea safarini. Msaada uliomo ndani ya programu ndiyo sehemu pekee ya fundi inayoweza kukaa kisiwani wakati wote.

Miundo iliyokufa mikononi mwa watumiaji

Anayechagua muundo leo anufaike kwanza na historia ya miundo iliyotangulia, kwa kuwa baadhi ya miongozo ilipotea ingali na maneno yake yote.

Windows 3.0 ya mwaka 1990 ilikuja na muundo wa msaada uliojulikana kama WinHelp. Programu nyingi za miaka hiyo zilitegemea mafaili yake. Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, kisomaji cha mafaili hayo hakikuwamo tena. Watumiaji walitakiwa kukipakua kando. Kwa Windows 10 hakikutolewa kabisa. Kwa hiyo kuna programu za zamani zinazofunguka hadi leo, lakini ukibonyeza kitufe cha msaada hupati kitu. Mwongozo umo ndani ya diski, na hakuna wa kuusoma.

Mrithi wake, muundo wa CHM, ulitolewa na Microsoft mwaka 1997. Ulikuwa na sifa nzuri kweli: faili moja lililobanwa, lenye orodha ya yaliyomo upande wa kushoto, faharasa na kisanduku cha kutafutia, na halikuhitaji intaneti. Udhaifu wake ulikuja kwa njia ya usalama. Faili la CHM laweza kubeba amri za kuendesha kompyuta, na wahalifu waliligeuza kuwa njia ya kuingizia programu hasidi. Mwaka 2005 Microsoft ilizuia kurasa za mafaili hayo zisifunguke kupitia mtandao wa ndani. Matokeo yake ni jambo linaloweza kumkuta mtumiaji yeyote hospitalini: faili la msaada likiwa kwenye kabrasha la pamoja la seva, orodha ya yaliyomo huonekana, lakini upande wa kulia ukurasa huwa mtupu. Faili lililopakuliwa kutoka intaneti nalo huweza kufanya vivyo hivyo mpaka mtumiaji aondoe kizuizi katika sifa za faili. Zaidi ya hayo, mwenye kompyuta ya Linux huhitaji kisomaji cha ziada.

Waandishi wa R walilikabili jambo hili waziwazi. Toleo la R 2.10.0 la mwaka 2009 liliacha kutumia CHM. Badala yake, R ilianza kuwasha seva ndogo ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe na kuonyesha kurasa za msaada kupitia kivinjari cha kawaida. Mtu akiandika alama ya kuuliza na jina la kazi anayoitaka, ukurasa hufunguka hata kama waya wa mtandao umekatika, kwa maana seva hiyo haitoki nje ya kompyuta. Maandishi yake chanzo yalibaki katika muundo wa R wenyewe, ambao ni maandishi ya kawaida yanayoweza kugeuzwa kuwa ukurasa wa kivinjari au kitabu cha PDF. Muundo wa kuonyeshea ulibadilika, maarifa hayakupotea.

Hapo pana kanuni ya kwanza. Muundo wa kuandikia na muundo wa kusomea ni vitu viwili. Wa kuandikia uwe maandishi ya kawaida, yatakayosomeka hata baada ya miaka 30. Wa kusomea uzalishwe kutoka humo, na uruhusiwe kufa.

Tovuti au kompyuta?

Siku hizi miradi mingi huuweka msaada wake kwenye tovuti. Sababu zake ni za haki: kosa likisahihishwa leo, kila msomaji huliona leo, programu yenyewe haiongezeki uzito, na mafundi huona ni kurasa zipi zinasomwa. Kwa mtu aliye mjini mwenye mtandao wa uhakika, njia hii haina kasoro kubwa.

Kwa zahanati ya kisiwani ina kasoro tatu. Ya kwanza ni mtandao kukatika. Ya pili ni gharama: mhudumu anayetumia kifurushi cha simu yake kuunganisha kompyuta ya kazi hatakitumia kusoma kurasa za msaada zilizojaa picha, achilia mbali video. Ya tatu ni toleo. Tovuti aghalabu huonyesha maelezo ya toleo jipya, ilhali kompyuta ya zahanati inaendesha toleo la miaka minne iliyopita. Msomaji huelekezwa kwenye menyu asiyokuwa nayo, na huondoka akidhani kosa ni lake.

Baadhi ya miradi imetafuta njia ya kati. LibreOffice hutoa kifurushi cha msaada kinachosakinishwa kando. Kikiwapo, kitufe cha F1 hufungua kurasa zilizo ndani ya kompyuta, na kisipokuwapo hufungua tovuti. QGIS humwelekeza mtumiaji kwenye mwongozo wa mtandaoni, lakini katika mipangilio yake kuna orodha ya njia za kutafutia msaada. Mwenye kompyuta aweza kuongeza kabrasha la ndani na kuliweka juu ya orodha. QGIS hutazama hapo kwanza, isipopata ukurasa huenda kwenye njia inayofuata. Afisa wa takwimu wa wilaya anayetaka kusafiri na kompyuta yake kwenda Ukara anaweza kuyafanya maandalizi hayo kabla ya kupanda kivuko.

Kwa programu ndogo inayoanza, tunaona kwamba kurasa za HTML zinazosakinishwa pamoja na programu ndizo chaguo lenye hasara chache. Kila kompyuta ina kivinjari, na HTML haimilikiwi na kampuni moja. Hata hivyo mwandishi wa programu asidhani kazi imekwisha. Kwenye Windows, njia ya kawaida ya kufungua faili la ndani huweza kudondosha sehemu ya anwani inayofuata alama ya #, hivyo msomaji aliyetakiwa kufika katikati ya ukurasa mrefu huachwa mwanzoni. Dawa yake ni kuandika ukurasa mmoja mfupi kwa kila dirisha la programu. Kwenye Ubuntu, tangu toleo la 22.04, Firefox husakinishwa kwa mfumo unaoifungia isisome baadhi ya makabrasha ya kompyuta. Mwandishi mwenye uwezo aige njia ya R ya seva ya ndani. Asiye na uwezo huo aonyeshe kurasa ndani ya dirisha la programu yenyewe.

Kitabu cha PDF tusikidharau. Hakifai kuwa msaada wa papo kwa papo, ila hufaa kuchapwa. Ukurasa mmoja uliochapwa, ukafunikwa kwa plastiki na kubandikwa ukutani karibu na kompyuta, ni ndugu wa fimbo ya dozi. Maandishi chanzo yakiwa ya kawaida, kitabu hicho huzalishwa bila kazi ya ziada.

Kiswahili kinapoingia katika kisanduku cha kutafutia

Jambo ambalo miongozo ya kigeni ya uchaguzi haiwezi kutufundisha ni namna lugha yetu inavyokutana na zana hizi. Zana nyingi za kutengenezea kurasa za msaada huja na kisanduku cha kutafutia kilichobuniwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Kwa lugha hizo, zana hukata mwisho wa neno ili kulifikia shina, na hivyo maumbo tofauti ya neno moja huleta ukurasa mmoja. Sphinx, zana inayotumika kutengeneza mwongozo wa QGIS, ina kanuni za namna hiyo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo.

Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni. Mtu anayetafuta msaada aweza kuandika nasajili, amesajiliwa, hajasajiliwa, usajili au kusajili. Kwa mwenye lugha hayo yote ni shina moja. Kwa kompyuta ni maneno matano yasiyojuana. Anayetafuta vidonge hatapata ukurasa uliotaja kidonge. Hata alama ndogo husumbua: neno ng'ambo likiandikwa na mfasiri kwa alama iliyopinda, na mtumiaji akaliandika kwa alama iliyonyooka ya kwenye kibodi, kompyuta huweza kusema kwamba neno hilo halipo.

Kisha kuna pengo kati ya istilahi na mazungumzo ya ofisini. Mfasiri makini ataandika hifadhi na chapisha. Karani aliye mbele ya kompyuta husema kusevu na kuprinti, na ndivyo atakavyotafuta. Kumsahihisha karani si kazi ya ukurasa wa msaada. Maandishi yenyewe yaweza kubaki katika Kiswahili sanifu, lakini faharasa iyapokee maneno yote mawili na kuyaelekeza pamoja.

Kwa hiyo, kwa programu ya Kiswahili, faharasa iliyotungwa kwa mkono ina thamani kuliko kisanduku cha kutafutia. Muundo wowote utakaochaguliwa lazima uruhusu faharasa hiyo. Na mtungaji wake asiwe fundi peke yake; akae na wauguzi, makarani wa takwimu na wafamasia, awaulize wangelitafuta neno gani.

Tafsiri nayo inahitaji zaidi ya kubadili maneno. Programu ikiuliza saa ya kumeza dawa, na msaada ukasema tu «andika saa», muuguzi anayefikiri saa mbili asubuhi aweza kuandika 02:00 badala ya 08:00. Tarehe 03/04 kwetu ni siku ya tatu ya mwezi wa nne. Kompyuta iliyosakinishwa kwa desturi za Marekani huisoma kuwa siku ya nne ya mwezi wa tatu, na mgonjwa huonekana kuugua mwezi mzima kabla ya siku aliyougua. Mwongozo wa Kiingereza hauna sababu ya kuitaja saa ya Kiswahili. Mwongozo wetu usipoitaja, hakuna mwingine atakayeitaja.

Nani atautunza mwongozo?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice.org. Ilikuwa hatua ya heshima katika historia ya lugha yetu: menyu na vitufe vya programu kubwa ya ofisi vilizungumza Kiswahili, na istilahi zilitafutwa ambazo hazikuwapo. OpenOffice.org yenyewe iliendelea kubadilika, na mwaka 2010 ikazaa LibreOffice. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na tafsiri isiyotunzwa hubaki nyuma.

Ikiwa menyu peke yake ni mzigo, maandishi ya msaada, ambayo kwa kawaida ni marefu kuliko menyu mara kadhaa, ni mzigo mkubwa zaidi. Hapa ndipo muundo wa kuandikia unapoamua uhai wa mwongozo. Zipo zana, kama gettext na wenzake, zinazoyagawa maandishi katika aya na kuziweka katika faili la tafsiri: aya ya asili juu, ya Kiswahili chini. Aya ya asili ikibadilika, zana huitia alama hiyo moja tu kwamba inahitaji kupitiwa upya. Mfasiri wa kujitolea mwenye jioni moja kwa wiki aweza kuimudu kazi ya namna hiyo. Mwongozo ulioandikwa kama waraka mmoja mrefu wa ofisi humlazimisha kusoma upya kurasa zote ili atafute kilichobadilika, na mara nyingi huacha.

Jambo lingine ni urahisi wa kuchangia. Mwongozo wa DHIS2 uliandikwa kwa miaka mingi katika DocBook, muundo wenye nguvu na utaratibu lakini uliojaa alama za kufungua na kufunga. Baadaye ulihamishiwa Markdown, ambayo mtu asiye fundi huweza kujifunza kwa saa chache. DocBook hubeba mengi zaidi: faharasa, marejeo ya ndani, aina mbalimbali za maelezo. Markdown hubeba machache. Lakini daktari au muuguzi aliyegundua kosa katika maelezo ya kipimo ataweza kulisahihisha katika Markdown mwenyewe. Kwa programu za afya tunauona uwezo huo kuwa na uzito mkubwa kuliko nguvu za ziada za DocBook, kwa sababu wanaojua maudhui na wanaojua alama za kompyuta mara nyingi si watu wale wale.

Picha za kioo cha kompyuta zitumike kwa uchache. Kila toleo na kila lugha huzitaka upya, nazo huongeza uzito wa kifurushi. Zikitumika, zionyeshe wagonjwa wa kubuni tu. Jina na namba ya faili ya mgonjwa wa kweli vikiingia katika mwongozo wa programu huria, vitasambaa duniani na haviwezi kurudishwa.

Tunachopendekeza

Kwa mwandishi wa programu huria ya mezani itakayotumika katika vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa, ushauri wetu ni huu. Maandishi ya msaada yaandikwe katika muundo rahisi wa maandishi ya kawaida, yahifadhiwe pamoja na msimbo wa programu, na yabadilike pamoja nao. Kutoka humo zizalishwe kurasa za HTML, ukurasa mmoja kwa kila dirisha, zisakinishwe pamoja na programu na zifunguke kwa F1 bila intaneti. Maelezo yanayolinda usahihi wa takwimu, kama lile la mtoto aliyelala na aliyesimama, yaonekane kwenye dirisha lenyewe bila kubonyeza kitu. Tafsiri ya Kiswahili igawanywe aya kwa aya, faharasa itungwe kwa mkono, na karatasi moja ya kuchapwa iandaliwe kwa ajili ya ukuta. Tovuti iwepo kama nyongeza, ikiwa na maelezo ya kila toleo ambalo bado linatumika.

Kwa wakuu wa vituo na vyuo vya afya, ombi letu ni kwamba msaada uingizwe katika vigezo vya kuipokea programu yoyote. Kabla ya kukubali kuisakinisha, kompyuta iondolewe kwenye mtandao. Aitwe mhudumu ambaye hakushiriki kuitengeneza, apewe kazi tano za kawaida za kliniki, naye aruhusiwe kutumia kitufe cha msaada tu, bila kumuuliza mtu. Aandike alipokwama na neno alilotafuta asilipate. Jaribio hilo halina gharama, na huchukua chini ya nusu siku.

Kazi atakazoshindwa kuzikamilisha zirudishwe kwa mwandishi wa programu pamoja na orodha ya maneno hayo. Kwa kuwa programu ni huria, yeye au mtu mwingine anaweza kuzisahihisha kabla ya kivuko cha wiki ijayo kwenda Nansio.